Vespa Haiwaki, Bei Inawaka

Mtu wa Unguja akienda kununua samaki Darajani hadanganyiki. Atafunua mashavu aone wekundu wake, atabonyeza mgongo, atanusa, kisha atamwambia muuzaji usoni kwamba changu huyu ni wa jana na bei yake iwe ya jana. Mchukue mtu huyohuyo, mpeleke nyuma ya nyumba ya watu, mwonyeshe vespa ya zamani iliyoegemezwa mnazini, haina taa, haina kiti, gurudumu la mbele limepinda. Hanusi wala habonyezi. Atainamisha kichwa upande, atanyamaza kidogo, kisha atasema kwa sauti ya huruma: "Mbona haina kazi kubwa hii?" Macho yake hayaioni vespa iliyopo. Yanamwona yeye mwenyewe, Ijumaa mchana, kanzu imepigwa pasi, anapita Forodhani taratibu na watu wote wa barazani wamegeuza shingo.

Mimi nasomesha hesabu skuli ya sekondari. Ungedhani mtu anayeshinda na kujumlisha na kutoa ana kinga ya maradhi haya. Kinga hiyo haipo. Hesabu humsaidia mtu kujua amepata hasara kiasi gani, haimzuii kuipata.

Habari za vespa hii nililetewa na dalali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa kuwa chombo chenyewe hakikuweza kutembea, kilimtembeza dalali. Alinikamata nje ya msikiti baada ya alasiri, akanishika mkono na kunivuta pembeni, mahali ambapo watu huvutwa wakipewa habari ya msiba au ya kiwanja.

"Mwalimu, kuna kitu," alisema. "Si cha kila mtu. Nimekukumbuka wewe."

"Inawaka?"

"Inataka kuwaka."

Anayekaa na madalali hujifunza kuwafasiri. Chombo kinachotaka kuwaka hakijawaka tangu kijana wa mwenye nyumba yuko chuoni, na sasa kijana huyo ana wajukuu. Kilichoguswa kidogo mbele kiligonga ukuta, na ukuta ukashinda. Cha mtu mmoja kimeshikwa na ukoo mzima, lakini mmoja baada ya mmoja. Na ukiambiwa karatasi zipo, usibishe, zipo kweli. Zimo katika sanduku la marehemu, ufunguo anao mwanawe, na mwanawe yuko Maskati.

Tulikwenda Jang'ombe. Mwenye mali ni mzee mmoja mpole, anayezungumza na mgeni huku akiendelea kuchambua mchicha. Alituonyesha kwa kidevu. Vespa ilikuwa chini ya kipaa cha makuti, imefunikwa gunia, na dalali alilivua gunia lile kwa madaha ya anayemfunua bibi harusi. Ngao ya mbele ilikuwa na rangi tatu, kila moja ikichungulia chini ya mwenzake: buluu, kijani, na nyeupe iliyokuwa ya kwanza. Usukani ulielekea Bububu, gurudumu lilielekea Chwaka. Pale pa kuwekea miguu palikuwa na tundu ambalo kupitia humo niliona siafu wakiendelea na safari zao. Kifuniko cha injini upande wa kulia kilining'inia kwa waya. Nikazunguka upande wa kushoto, nikainama, na macho yangu yakakutana na macho ya kuku.

Alikuwa ndani ya kifuniko cha kushoto, amejitanua, manyoya yamesimama. Nilirudi nyuma. Hapohapo, kutoka jikoni, ikasikika sauti ya bibi mwenye nyumba.

"Msimsumbue huyo! Ameatamia."

"Bibi, huyu mgeni amekuja kununua vespa," dalali alieleza.

"Anunue. Lakini kuku hauzwi, na vespa haiondoki mpaka vifaranga vitoke. Mkiitikisa, mayai yote yatakuwa viza."

Mzee hakuinua macho kwenye mchicha wake. "Mama amekwisha sema," alitamka. Ilikuwa wazi kwamba katika nyumba ile shauri likifika jikoni halikatiwi rufaa. Yai la kuku hukaa siku 21 ndipo lianguliwe, na bibi alituarifu kwamba huyu ndiyo kwanza ameanza. Nimeona mauziano yakisimamishwa na benki, na mirathi, na mke wa pili. Kusimamishwa na kuku ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Bei ilikuwa laki tisa. Niliposhtuka, nilielezwa habari za Mzungu wa Nungwi. Katika kisiwa hiki hapauzwi mlango wa kale, sanduku la msumari wala saa ya ukutani bila Mzungu wa Nungwi kutajwa. Ana hoteli, ana pesa, ameshakuja kukitazama kitu chenyewe, na atarudi Jumatatu. Hakuna anayelijua jina lake. Hajawahi kununua kitu chochote, na bado amepandisha bei za vitu vyote.

"Toa hata kishika uchumba, Mwalimu," dalali alininong'oneza. "Mzungu asije akatuwahi."

"Mzungu naye itabidi amsubiri kuku," nilimjibu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilijisikia nina akili.

Kwa hiyo kuku alinipa kitu ambacho wanunuzi wa vyombo vibovu hawapewi: muda wa kufikiri. Kufikiri kwetu hakufanywi na mtu mmoja. Nilikwenda Jaws Corner, nikaagiza kahawa na kashata, nikaitupa habari katikati ya baraza na kukaa pembeni kusikiliza.

Walijigawa kambi mbili kabla kikombe changu hakijapoa. Kambi ya Mtaliano iliongozwa na mzee aliyekuwa karani bandarini, mtu anayelieleza kila jambo kuanzia lilipozaliwa.

"Aliyeichora vespa," alianza, "Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, mtu wa helikopta. Pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Zinachafua nguo, mnyororo unarusha grisi, na tairi likipasuka njiani ni mashaka matupu. Kiwanda cha Piaggio kilikuwa kikiunda ndege za vita. Vita vilipokwisha, ndege hazitakiwi tena, wakamwita huyu asiyependa pikipiki awaundie chombo cha magurudumu mawili. Mwaka 1946 vespa ikatoka: haina mnyororo, injini imefunikwa, mbele kuna ngao, gurudumu limeshikwa upande mmoja tu kwa mtindo wa magurudumu ya ndege. Na hapa katikati pakaachwa wazi, mtu apitishe miguu bila kurusha paja. Yeye alifikiria sketi za wanawake wa kwao. Kumbe ametushonea sisi wenye kanzu na mabuibui, na wala hakutupima!"

Baraza lilicheka. Kwa haki, mzee alisema kweli. Mtu mwenye kanzu akipanda pikipiki ya kawaida hana budi kuikunja mpaka magotini, akashuka nayo ina alama ya ekzosi. Kwenye vespa anakaa wima, magoti pamoja, heshima yake imekamilika. Hata akianguka, anaanguka kiungwana.

Kambi ya Mhindi haikukubali kushindwa kwa historia. Msemaji wao aliwahi kuuza spea, na anavitazama vyombo vyote kwa jicho la kaunta.

"Mtaliano mzuri, sikatai. Lakini waya wa klachi utaupata wapi? Bajaj waliziunda hizihizi India kwa leseni ya Piaggio mpaka 1971. Leseni ilipokwisha wakaendelea na za kwao, wakaleta Chetak, jina la farasi wa Maharana Pratap. Watu kule walikuwa wakiandikisha majina na kungoja miaka. Miaka, yakhe! Mtu anaweka nafasi ya vespa akiwa kijana, anaipata ana mvi. Usinunue chombo usichoweza kukinunulia spea."

Kijana mmoja mwishoni mwa baraza alisema, "Si anunue honda mpya, atulie?"

Pakawa kimya. Watu walimtazama kwa upole, wakijua kwamba umri utamfundisha, na mazungumzo yakaendelea bila yeye.

Niliondoka na rai nyingi na uamuzi hakuna. Hivyo niliporudi Jang'ombe nilimchukua fundi, na mfukoni nikatia sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Sumaku ndiyo shahidi pekee asiyekuwa na ndugu katika biashara hii. Bati la vespa ni chuma. Ukiiweka sumaku inaganda. Palipojazwa puti na kupakwa rangi juu yake, haigandi. Niliiweka juu ya ngao, ikaganda. Nikaiteremsha kidogo, ikaganda kwa shingo upande. Nikaisogeza chini kulia, ikateleza na kuangukia mguu wa fundi. Nikajaribu pembeni, ikaanguka tena. Kuku aliitazama kila safari ilipoanguka, kisha akanitazama mimi.

"Sumaku yako imechoka, Mwalimu," alisema dalali.

Fundi hakusema neno. Ni mtu mfupi, vidole vyake vimekolea oili hata udhu wake una mjadala, na anapokagua chombo huwa na adabu za daktari mbele ya jamaa wa mgonjwa. Alipiga kiki. Ilishuka mpaka chini bila kupingwa na kitu, ikabaki hukohuko. Akairudisha kwa mkono. Kisha akakichomoa kifuniko cha kulia, upande ambao bibi alituruhusu, akachovya kitambaa katika pitroli, akasugua fremu pale ndani ambapo namba hugongwa. Ukoko wa miaka ulitoka mweusi, ukafuata mwekundu wa kutu, na chini yake zikaanza kujitokeza herufi. Alikwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi, akapuliza, akasoma: VLB1T.

"Sprint," alisema. "Mia na hamsini."

"Si nilikwambia?" dalali alidakia. "Hii imepandwa kabla ya Mapinduzi!"

"Sprint imeanza kuundwa 1965," fundi alijibu bila kugeuka. "Mapinduzi 1964."

Dalali alifikiri kidogo. "Basi imepandwa mara tu baada ya Mapinduzi."

Fundi akahamia kwenye injini, akasugua tena. Kwa Sprint, namba ya injini ilipaswa kuanza na VLB1M. Ilianza na VLX1M. Yaani mwili ni wa Sprint, moyo ni wa PX, ambayo haikutoka kiwandani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Mahali fulani, kwa mkono wa fundi ambaye huenda sasa ni marehemu, vespa mbili zilifunga ndoa na kadi ya usajili haikualikwa harusini. Mimi nililiona hilo kuwa msiba. Kwa fundi lilikuwa ndilo jambo jema la kwanza alilolikuta tangu asubuhi.

"Ya PX ina spea," alisema. "LML wa Kanpur waliziunda miaka mingi. Pistoni utapata, ringi utapata, sili za oili utapata. Ingekuwa injini yake mwenyewe, ungekuwa unazungumza na Italia."

"Kwa hiyo inatengenezeka?"

Fundi alipangusa mikono. "Kila kitu kinatengenezeka, Mwalimu."

Sentensi hiyo imewamaliza watu wengi kuliko bahari. Ni kweli tupu, na haina bei ndani yake.

Usiku nilifungua daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Niliandika kwa nidhamu, mstari kwa mstari. Vespa yenyewe, laki tisa. Kushusha injini, pamoja na kuchonga silinda ipokee pistoni kubwa zaidi, beringi za krenki na sahani za klachi, laki nne. Kunyoosha fomu ya mbele au kuipata nyingine, laki mbili. Kukata bati lililooza na kuchomelea jipya, laki na nusu. Rangi, laki mbili na nusu. Tairi tatu za inchi kumi, pamoja na ya akiba na mipira yake, laki mbili. Taa, nyaya, kiti na kabureta, laki tatu. Jumla: milioni mbili na laki nne. Ukiongeza kidogo juu ya hapo, unaingia dukani na kutoka na pikipiki mpya ya Kihindi, yenye waranti, inayowaka kwa kubonyeza kitufe.

Nililiacha daftari mezani, nikaenda kusali. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameketi nalo, na mkononi ana kalamu yangu nyekundu.

"Baba watoto," alisema, "hapa hujaandika oili."

"Oili gani?"

"Si umeniambia mwenyewe hizi haziendi kwa pitroli peke yake? Kila lita inataka oili yake."

Ni kweli. Injini ya mapigo mawili haina oili inayojizungusha ndani yake. Inapakwa na ile iliyochanganywa katika pitroli, asilimia mbili, mililita 20 kwa kila lita. Ukipunguza, pistoni inaganda. Ukizidisha, jirani anaanua nguo zake kambani huku akikutaja. Nikaandika oili. Mke wangu akaendelea kusoma na kidole chake kikishuka mistari.

"Na hapa umeandika jumla ya milioni mbili na laki nne. Makadirio ya fundi?"

"Ya fundi."

Alizidisha mara mbili pembeni, kwa wino mwekundu, na chini yake akaandika maneno ninayowaandikia wanafunzi wangu kila siku: *Onyesha njia*. Kisha akaniuliza swali ambalo baraza zima halikuwa limeliuliza.

"Ikishapona, itakwenda wapi?"

Nilifungua mdomo. Skuli nakwenda kwa miguu. Sokoni anakwenda yeye. Msikiti uko mlango wa pili. Shamba tunakwenda kwa daladala, maana tuko sita. Nilipekua maisha yangu yote nikitafuta mahali pa mbali kidogo, na sikupapata.

Jibu nililipata kwa fundi, kwenye gereji yake bubu ya Kikwajuni. Gereji yenyewe ni mwembe. Chini ya mwembe kuna benchi, sanduku la spana, redio, na vespa zilizolala katika hatua mbalimbali za matumaini. Moja imebaki fremu tu. Nyingine ina kila kitu isipokuwa usukani. Ya tatu mwenyewe yuko Maskati. Kila mwisho wa mwezi anatuma ujumbe kuuliza imefikia wapi, na fundi humtumia picha ileile, ila husogeza kivuli. Ya nne inangoja kitu kidogo kutoka Mumbai, na imekingoja muda mrefu hata mwenyewe ameshasahau ni kitu gani.

Penye benchi walikuwapo wenye vespa hizo. Walikuwa wameshaagiza urojo, mmoja ameshika kabureta anaipuliza tundu, mwingine anamshikia tochi japo ni mchana. Walizungumza habari za sili za oili, wakahamia bei ya karafuu, wakafika harusi ya mtoto wa mmoja wao, wakarudi kwenye sili za oili. Hakuna aliyekuwa akitazama saa. Hakuna aliyepigiwa simu aambiwe apitie mkate, maana nyumbani kwao wote ilifahamika kwamba baba yuko kwa fundi, chombo kibovu, na mtu aliye kwa fundi ana udhuru unaokubalika.

Nikaulizia vespa moja ya kijani niliyokuwa nikiiona pale zamani.

"Ile imepona," alijibu fundi kwa masikitiko.

"Tangu ipone, tumempoteza mwenyewe," alieleza mwenzake. "Alikuwa mtu wetu wa kila Jumamosi. Sasa unamwona akipita tu: mara ana mtungi wa gesi mbele, mara anapeleka watoto madrasa, mara shemeji yake yuko nyuma. Hapungi hata mkono. Mikono yote ina kazi."

Wote wakatikisa vichwa. Hapo ndipo jambo liliponifungukia. Tulikuwa tukibishana, barazani na nyumbani, kana kwamba vespa ni usafiri. Inayokwenda ni usafiri, nayo itakupeleka kila unakotumwa. Isiyokwenda huna wa kukutuma nayo. Unakaa nayo, na watu wanakuja. Nilimwelewa yule kijana wa barazani na honda yake mpya. Alitaka kufika. Hawa walikuwa wameshafika.

Nikajiambia kwamba, ikiwa ni hivyo, sina haja ya kununua kitu. Benchi lipo, urojo ninaweza kuchangia. Nikavuta ndoo, nikaketi, nikasubiri mazungumzo yapite karibu yangu, kisha nikasema kwa utulivu kwamba kabureta za Kihindi siku hizi hazina uhakika.

Aliyekuwa akipuliza aliacha kupuliza. "Yako ipi?" aliniuliza.

"Bado sina."

"Basi umejuaje?"

Hakukusudia ubaya. Lakini niliona jinsi migongo ilivyosogea kidogo, na mazungumzo yakanizunguka kwa mbali mpaka nilipoaga. Kila mmoja pale alikuwa amelipa kwa kutu, kwa pesa na kwa maneno ya mkewe, hata akapata haki ya kulalamika. Mimi nilitaka kulalamika bure.

Nikarudi kwenye daftari. Nilifuta kichwa cha habari kilichosema "Usafiri", nikaandika "Kiingilio". Namba hazikubadilika, lakini zilianza kukaa vizuri. Tena nikagundua kwamba mahesabu ya kwanza yalikuwa na mistari isiyohitajika. Rangi ya nini, kwa chombo kisichotarajiwa kuonekana barabarani karibuni? Tairi tatu za nini? Kushusha injini hakuna haja ya kulipwa mara moja. Ni afadhali ishuke polepole, nati kwa nati, kwa mshahara wa kila mwezi. Nikampelekea mke wangu hesabu mpya, njia nimeionyesha yote.

Aliisoma mpaka mwisho. "Kwa hiyo unanunua ruhusa ya kukaa chini ya mwembe."

"Ukitaka kuiita hivyo."

"Na utakuwa huko Jumamosi?"

"Jumamosi. Pengine na Jumapili, kazi ikizidi."

Alifikiri. Niliona anapiga hesabu zake mwenyewe, ambazo hakuziandika, na nina hakika humo mlikuwa na sebule iliyo kimya na mume asiyeuliza remoti iko wapi. "Isizidi laki tano," alisema, akanirudishia kalamu.

Vifaranga vilitoka. Dalali alinipigia alfajiri kunipa hongera, utadhani vya kwangu. Tulimkuta mzee anachambua mchicha, na bibi amesimama mbele ya vespa, mikono kiunoni, vifaranga vinapita baina ya miguu yake.

"Bei tutaelewana," alisema mzee. "Tatizo ni mama."

"Kuku wangu ataatamia wapi sasa?" aliuliza bibi. "Humo amezoea. Banda nimemjengea, halitaki."

Nilimtazama fundi. Fundi alikigonga kifuniko cha kushoto kwa ukucha. Kilitoa sauti ya bati lililokwisha. "Hiki hata tukikichukua tutakitupa," alisema chinichini.

Hivyo ndivyo mkataba ulivyoandikwa, kwa mkono wangu, kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wawili: vespa moja aina ya Sprint, injini si yake, imeuzwa kwa laki nne na nusu, pasipo kifuniko cha kushoto, ambacho kimebaki kuwa mali ya kuku. Kadi ya chombo itafuata kutoka Maskati. Mzungu wa Nungwi hakutokea kutoa pingamizi. Dalali alidai kamisheni yake ikokotolewe kwa bei ya vespa nzima, kwa hoja kwamba yeye hakushiriki kukiuza kifuniko.

Tuliipakia kwenye gari ya ng'ombe, usukani unatazama kushoto, gurudumu kulia. Chini ya mwembe walinipisha kwenye benchi. Yule wa kabureta alinisogezea bakuli la urojo, akaniuliza injini ni ya nini, nami nikamwambia kwamba PX zina spea lakini sili za oili za siku hizi hazidumu, na hakuna aliyeniuliza nimejuaje.

Fundi aliizunguka vespa yangu, akakuna kichwa. "Nikijitahidi, Mwalimu, miezi miwili inawaka."

"Fundi," nilimwambia, "usiharakishe."

Alinitazama kwa mashaka. Katika kazi yake yote hakuwahi kulisikia neno hilo kwa mteja. Akafikiri, akautazama mwembe, akapima kivuli chake kwa macho.

"Kutoharakisha kuna bei yake," alisema. "Nafasi ya kulaza chombo ni elfu tano kwa mwezi."